Pakacha la Viazi Vikuu kutoka Pemba: Mbegu Tano na Miezi Minane ya Kungoja

Mapitio haya yanahusu pakacha moja la viazi vikuu nililoliagiza Julai ya mwaka jana kwa mkulima wa upande wa Wete, Pemba, ambaye huuza mazao yake kwa simu na kuyatuma kwa boti mpaka Dar es Salaam. Simtaji jina, kwa kuwa ni mama mwenye shamba dogo na hakuniomba nimtangaze. Nimechelewa kuandika makusudi hadi sasa, mwezi wa Machi, kwa sababu sehemu ya kile alichoniuzia ilikuwa ya kupandwa, na kiazi kikuu hakiharakishwi: ukikichimba kipupwe hulala miezi kadhaa kabla ya kuchomoza jicho, na mpaka mche wake uonyeshe shina na majani ya kutosha kutofautishwa na mwingine, mwaka mpya umekwisha kuingia.

Nianze na kisa kilichonifanya niagize Pemba. Mjini, anayenunua viazi vikuu huuziwa viazi vikuu, basi. Muuzaji hukata kipande kwenye kiazi kikubwa, hukipima, na mnunuzi hajui kama amepata cha unga au cha maji mpaka kifike jikoni. Nilikuwa nikinunua katika duka moja ambalo silitaji, vipande vilivyokwisha kumenywa na kufungwa tayari, na nilivipenda kwa sababu viliniepusha na ule ute unaowasha mikono. Siku moja ya Ramadhani, nikiwa na wageni wa futari, nilivitia vyote katika sufuria moja, nikavitokosa, kisha nikamimina tui. Nusu ya vipande vilivurugika vikawa uji na nusu vilibaki vigumu kiasi kwamba uma haukuingia. Nilijilaumu mwenyewe kwa upishi mbaya. Ilinichukua muda kujua kwamba ndani ya mfuko ule zilichanganywa mbegu mbili au tatu zenye tabia tofauti, na kwamba hakuna mpishi ambaye angeweza kuziivisha pamoja.

Neno mbegu nalitumia hapa kama wanavyolitumia wakulima, kwa maana ya aina moja ya zao inayojulikana kwa sura na tabia yake. Mtu wa muhogo atakwambia ana mbegu nne shambani hata kama hajawahi kushika punje ya muhogo maishani mwake. Kwenye viazi vikuu vivyo hivyo.

Mama huyu wa Wete anauza kwa mbegu, na hilo ndilo jambo la kwanza la kumsifu. Pakacha lilifika likiwa limefumwa kwa makuti mabichi, ndani yake majani ya mgomba, na kila kiazi kimefungwa kwa ukindu kikaratasi cha daftari chenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Palikuwa na mbegu tano, jumla ya kilo 12, kwa shilingi 42,000 pamoja na nauli ya boti. Ni ghali kuliko sokoni, lakini sokoni hakuna anayekuuzia kitu hiki. Majina aliyoyaandika sitayarudia, kwa kuwa ni majina ya kijiji chake, na jina lile lile ukivuka vijiji viwili unaweza kukuta limepewa kiazi kingine kabisa. Nitavitaja kwa sura.

Nilivipika kila kimoja peke yake, kwanza kwa maji na chumvi tu, ili nionje kiazi chenyewe kabla ya nazi kukifunika. Cha kwanza kilikuwa kirefu kama mkono wa mtoto wa miaka kumi, ganda la kahawia lenye vinywele, nyama nyeupe kabisa. Kiliiva kwa dakika 22. Kina unga, hakivurugiki, na kilipoingia kwenye tui kilikunywa mpaka rojo ikabaki kijiko kimoja chini ya sufuria. Kwa futari sijakula kilichokizidi. Cha pili kilikuwa bapa, kimegawanyika mbele kama kiganja chenye vidole vitatu, na kukimenya ni kazi ya mtu mwenye subira, lakini nyama yake, muda wake na ladha yake havikutofautiana na vya kile cha kwanza. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya ningoje miezi minane.

Cha tatu ndicho kilichowafanya watoto waje jikoni. Nje hakina lolote la kutazamwa, ila kisu kilipoingia kilitokeza nyama ya zambarau kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, rangi ile ile ya tunda lililoipa jina, na maji ya kutokosea yakawa kama ya choya. Rangi hiyo hutokana na anthosianini, rangi za asili za mimea, ambazo ndizo zinazotia rangi zambarau yenyewe. Kiazi hiki ni kigumu zaidi, kilihitaji dakika 35, kina utamu wa mbali, na mkono wangu haukukipatia kwenye nazi kwa sababu tui hugeuka kijivujivu na kuondoa hamu. Kikatwe vipande vinene, kitokoswe, kiliwe na chai asubuhi au pamoja na changu wa kuchoma. Hapo kina heshima yake. Cha nne kilikuwa cheupe chenye mduara mwembamba wa zambarau chini ya ganda, chenye maji mengi. Kwenye tui ni hasara, ila kwenye mchuzi wa papa mkavu kilifyonza chumvi na pilipili bila kupoteza umbo, na mke wangu amekiweka juu ya vyote.

Cha tano si cha ardhini. Ni kile kinachozaa juu, kwenye kikonyo cha jani, na chetu kilikuwa na ukubwa wa ngumi. Hiki ni spishi nyingine, Dioscorea bulbifera, wakati vile vinne vyote ni Dioscorea alata. Ni kizito mdomoni na kinaacha uchungu kidogo mwishoni. Kikaratasi chake kilikuwa na maneno ya ziada: “Maji ya kwanza mwaga.” Ushauri huo ni sahihi, na ningependa uandikwe kwa herufi kubwa zaidi, pamoja na onyo kwamba viazi vya juu vinavyookotwa msituni visiliwe kabisa na mtu asiyevijua, kwani mbegu nyingi za mwitu za spishi hii zina sumu, kama ilivyo kwa ndiga, kiazi kingine cha mwitu, ambayo wazee wetu waliila wakati wa njaa tu, baada ya kuilowesha na kuiosha kwa siku kadhaa.

Sasa kasoro. Kiazi kimoja cha zile mbegu nyeupe kilikuwa na jeraha la jembe na kilioza siku ya tatu. Wino wa kikaratasi kimoja ulilowa na kufutika, nikalazimika kupiga simu kuuliza. Malipo hutangulia, jambo ambalo si kila mtu atalikubali kwa mtu asiyemwona. Haya ni madogo.

Kasoro niliyoiona kubwa zaidi ilikuwa ni hii: kile cha zambarau na kile cha mduara vilifika vimekatwa upande wa juu, palipotokea mche, na mkato umepakwa majivu. Nilifikiri nimeuziwa vipande vya mabaki kwa bei ya viazi vizima. Nikampigia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kwa upole kwamba viazi viwili vimekuja vimekatwa.

“Havikukatwa ovyo, mwanangu,” akanijibu. “Vichwa vyao vimebaki huku. Nikikuuzia na kichwa, mwakani nitakuuzia nini?”

Nilibaki na simu sikioni. Vile vyeupe viwili na kile cha juu anavyo vingi, kwa hiyo alivituma vizima. Hivi viwili ameviacha vichache mno, basi kabla ya kimoja kutoka shambani hukata kichwa, hupaka mkato majivu usioze, hukihifadhi kivulini mpaka msimu wa kupanda, na mnunuzi hupata sehemu iliyobaki. Kile nilichotaka kukilalamikia ndicho kinachofanya viazi hivyo viwepo.

Ili uzito wa jibu lake uonekane, ni lazima nieleze jinsi zao hili linavyoendelea. Mkulima wa kiazi kikuu hapandi punje. Hupanda kichwa au kipande cha kiazi chenyewe, na mche unaochomoza ni ule ule wa mwaka uliopita, wenye vinasaba vile vile. Maua ya kiume na ya kike hukaa kwenye mimea tofauti, na mbegu nyingi hutoa maua kwa nadra au hazitoi kabisa. Isitoshe, kromosomu za Dioscorea alata, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, huenda kwa seti za 20, na ipo mimea yenye 40, ipo yenye 60 na ipo yenye 80, hata mume na jike wakikutana uzazi wao si rahisi. Matokeo yake ni kwamba mbegu ya kiazi kikuu haina ghala lake lingine isipokuwa mkono wa mtu anayeirudisha ardhini kila mwaka. Mahindi yakikaa kwenye debe miaka miwili bado yanaweza kuota. Kiazi kikuu kisipopandwa msimu mmoja, kimeliwa au kimeoza, na mbegu hiyo imekwisha hapo.

Wenzetu wa Afrika Magharibi wana njia nyingine ya kuongeza mbegu. Huko Benin wapo wakulima wanaochukua viazi vya mwitu kutoka msituni na kuviingiza mashambani, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba miongoni mwa hivyo wanavyovileta wamo machotara wa mwitu na wa shambani. Kiazi chao kikuu, Dioscorea rotundata, kina ndugu zake katika misitu na savana za huko huko, kwa hiyo damu mpya inapatikana. Alata ya pwani yetu haina bahati hiyo. Mwitu wake wa asili haujulikani popote duniani, na ilifika kwetu kwa bahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopima sampuli 643 za spishi hii kutoka mabara manne, ulipendekeza kwamba ilianza kulimwa mahali pawili mbalimbali, Asia ya Kusini-Mashariki bara na visiwa vya Pasifiki, kisha ikafika Bara Hindi kabla ya kuingizwa Afrika, na kutoka Afrika ikaenda Karibi. Anayezijua lugha za bahari hii hatashangaa: Wamalei huita viazi ubi, na Wamalagasi, ambao lugha yao ilitoka upande huo huo, huita ovy. Kila mbegu iliyoko Pemba leo ni kitu kilichobebwa chomboni na mtu aliyekiona kinafaa kubebwa, kisha kikapandwa tena na tena bila kukosa msimu hata mmoja. Ikipotea, hakuna msitu wa kwenda kuitafuta.

Kwa hiyo narudi kwenye zile mbegu mbili nyeupe zilizofanana mdomoni. Aliniuzia kwa majina mawili, nami nikalipa kama mbegu mbili. Kwa kuwa zilikuja na vichwa, nilivikata vyote, nikavipaka majivu kama alivyonielekeza, nikavihifadhi Kigamboni ninakoishi, na vilipochomoza macho mwezi wa Novemba nikavipanda kwenye mashimo yaliyojazwa samadi, kimoja kando ya mwarobaini na kingine kando ya mlonge. Kiazi cha juu nilikipanda kizima penye ua. Tangu Januari nimekuwa nikivitazama kila asubuhi.

Atakayetaka kutofautisha mbegu za viazi vikuu asianze na kiazi. Umbo la kiazi hudanganya, kwa kuwa udongo mgumu au jiwe moja hutosha kukifanya kitoe vidole. Mche ndio unaosema kweli zaidi. Shina la alata si la mviringo: ni la pande nne, na kila pembe ina ukingo mwembamba uliosimama kama pezi la samaki, na ndiyo sababu wataalamu waliipa jina hilo la Kilatini lenye maana ya kitu chenye mabawa. Katika mbegu moja mapezi hayo huwa ya kijani, katika nyingine mekundu, katika nyingine yamekunjamana. Hata upande wa kujizonga unasema kitu, kwani alata hujizonga mtini kwa upande mmoja na kile cha juu hujizonga kwa upande wa pili, nami nimevisimamia vyote viwili kwa dakika nyingi nikifuata kwa kidole jinsi kila kimoja kinavyopanda kinyume cha mwenzake. Miche yangu miwili ya viazi vyeupe, kwa upande wake, haina tofauti ninayoweza kuionyesha: mapezi ya kijani yenye ukingo mwekundu, majani ya moyo mrefu, kikonyo chenye wekundu pale kinapoungana na jani. Naamini ni mbegu moja yenye majina mawili.

Simlaumu kwa hilo. Wanaopima vinasaba vya viazi vikuu vya wakulima wa kienyeji, iwe Afrika Magharibi, Karibi au Amerika Kusini, hukuta jambo hili kila mara kwa pande zote mbili: majina mawili juu ya mche mmoja, na jina moja juu ya miche ambayo vinasaba vyake havihusiani. Macho yana mpaka. Lakini hasara ya jina la ziada ni ndogo, kwani mnunuzi hulipa mara mbili kwa ladha moja. Hasara ya jina lililokosekana ni kubwa, kwa sababu vile vipande vilivyomenywa dukani havimwambii mtu yeyote kipi kimependwa na kipi kimechukiwa. Mnunuzi aliyepata kigumu hukasirikia viazi vikuu vyote, huhamia kwenye viazi mviringo, na mkulima huko shambani haambiwi lolote isipokuwa kwamba bei imeshuka. Anapopunguza, hupunguza kwanza kile kinachochelewa kuiva, kisha chenye umbo baya la kumenya, kisha chenye rangi inayowashtua watu wa mjini. Hivyo ndivyo zambarau yangu inavyofikia kubaki vichwa vichache tu.

Watu wameniuliza kama kazi hii haifanywi na hifadhi za mbegu za mazao, za kitaifa na za kimataifa. Inafanywa, na ninaiheshimu. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, inatunza sampuli zaidi ya 5,000 za viazi vikuu, nyingi zikiwa vimiche ndani ya vichupa vya maabara, kwa kuwa zao lisilotegemea punje haliwezi kupelekwa kwenye ghala la mbegu la Svalbard, kwenye barafu ya Norway, kama mpunga au mtama. Kule Suva, Fiji, kipo kituo kama hicho cha mataifa ya Pasifiki. Mbegu iliyomo kichupani imesalimika, na mtafiti anayetaka kinga dhidi ya chule, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya alata, atakwenda kuitafuta humo. Lakini kichupa hakimwambii mtu kwamba kile chenye mduara kinafaa mchuzi wa papa, wala kwamba cha zambarau kisitiwe tui. Elimu hiyo iko jikoni na shambani, na husafiri pamoja na kiazi kikiwa na jina lake.

Kwa anayetaka kununua kwa mtu wa aina hii, namshauri mambo machache. Aagize Julai au Agosti, viazi vikiwa vimetoka ardhini karibuni, asingoje Ramadhani inayoangukia wakati viazi ni haba. Aulize kila kimoja kinapikwaje, kwa sababu mkulima atajua na atafurahi kuulizwa. Aombe vichwa vya zile mbegu zilizo nyingi, asiombe vya zile chache. Naye mama wa Wete, kama mapitio haya yatamfikia, naomba atumie kalamu ya risasi badala ya wino, na anipunguzie moja kati ya zile nyeupe mbili ili aweke mbegu nyingine mahali pake.

Mwisho wa Februari alinipigia yeye. Mvua ya vuli ilikuwa nyingi kwao, chule imeingia kwenye ile nyeupe ndefu, majani yameungua nusu ya shamba na hatarajii viazi vya maana chini. Aliuliza kama vile vichwa alivyonipa vimeota. Nilimwambia vimeota vyote viwili, na mmoja umefika juu ya mlonge. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya mzigo kutoka Dar kwenda Pemba siku hizi ni kiasi gani. Tumekubaliana: Julai nikichimba, vichwa vyote viwili vinapanda boti kwenda Wete, vimepakwa majivu na kufungwa kwa ukindu, na pakacha langu la pili litarudi na boti hiyo hiyo.